Nishani ya Bwawa la Nne

Cheti cha kifo cha Apa kiliandikwa Jumatatu asubuhi, na marehemu mwenyewe alikuwa amepangiwa kufa Alhamisi. Mkurugenzi Mendigali alikigeuza kimwelekee Ulbosin, akamsukumia na kalamu.

"Saini hapo chini, dada. Mtunza bwawa ndiye shahidi."

Ulbosin alivaa miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa uzi, akasoma kwa kituo. Samaki jike, aina ya kortpa, umri miaka ishirini na miwili, urefu mita mbili na robo, uzito kilo tisini na moja, amekutwa ndani ya bwawa la nne akiwa hana uhai. Sababu: moyo.

"Moyo wa nani?"

"Wa samaki. Wa nani tena?"

"Nauliza tu, aga," alisema Ulbosin, kwa neno letu la kumwita mwanamume wa kuheshimiwa. "Maana nimetoka kumlisha sasa hivi. Kamaliza ndoo nzima, nusura aondoke na vidole vyangu."

Mendigali alikohoa, akatazama dirishani, kule mto Zhayik ulikokuwa ukipita zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja aliyebakiza miezi kumi na minane astaafu, na watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa kuliko wabaya.

"Dada, usinitie matatani. Naibu waziri anakuja Alhamisi, na bwana Kaharman anataka kichwa."

Mambo yalikuwa hivi. Mgeni mkubwa kwetu huwekewa kichwa cha kondoo mbele yake, na kila aliyeketi hapo humpima kwa kichwa alichowekewa. Naibu waziri huyo, Seidakhmet, alikuwa ziarani tangu wiki iliyopita, na kila wilaya aliyopita ilimchinjia. Ya kaskazini ilichinja kondoo wanne na mwanafarasi. Ya mashariki ikaongeza ngamia. Kaharman, mkuu wa wilaya yetu, ambaye hukosa usingizi akisikia jirani ana zulia refu kuliko lake, aliona kondoo ni aibu. Ndipo akamkumbuka Apa. Kichwa cha kortpa mzima kwenye sinia, pua imemwelekea mgeni, na pembeni bakuli la mayai meusi yaliyotoka tumboni mwake saa hiyo hiyo. Nani angemfikia?

Sheria inakataza kumvua samaki huyo, kumuua, na karibu inakataza kumtazama kwa tamaa. Lakini sheria haijasema neno kuhusu samaki aliyekufa kwa moyo.

Sisi watu wa Zhayik tumeula ukoo ule vizuri sana, tusidanganyane. Ni samaki wa kale, wenye pua ndefu na masharubu manne, migongo yao imepigiliwa vipande vya mifupa kuanzia shingoni hadi mkiani. Babu zetu waliwala, baba zetu wakawauza, sisi tukawaiba. Walipokaribia kwisha tukajenga kituo cha kuwazalisha upya, tukaandika langoni kwamba tunawapenda. Mezani kwa Mendigali lilikaa jiwe lililochimbwa milima ya Karatau, lenye alama ya jamaa yao wa zamani za zama, mdomo wazi. Kila mgeni alionyeshwa jiwe kwanza. Jiwe halikuomba chakula, halikuugua, na halikuwahi kumbishia mkurugenzi.

Palikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo pale kituoni alilijua Ulbosin peke yake. Apa alikuwa dume.

Miaka miwili kabla, barafu ya mto ilipoanza kupasuka, alikuja mtaalamu kijana aitwaye Togzhan na mashine kama ile ya kutazamia mimba hospitalini. Jike na dume wa samaki hawa huwezi kuwatofautisha kwa macho hata ukeshe nao. Togzhan alimpitishia Apa mashine tumboni, akafuta kioo kwa mkono wa koti, akarudia, akarudia tena.

"Shangazi," alisema, "huyu mama yenu ni baba."

Ulbosin alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Yeye alizaliwa binti wa tano katika nyumba iliyosubiri mvulana, ndipo wakampa jina hilo, Ulbosin, yaani "na awe mvulana", wakitumaini anayefuata atasikia. Aliyefuata alikuwa binti wa sita. Mtu aliyeishi miaka hamsini na saba akiitwa kwa ombi lisilojibiwa hashangai sana kukuta dume anaitwa Apa, yaani mama.

Hata hivyo alifunga mdomo. Togzhan aliandika ripoti, akaenda zake kituo kingine, na Mendigali akaiweka ripoti pale anapoweka ripoti zote, chini ya jiwe, bila kuifungua. Langoni palikuwa na bango kubwa: APA, MAMA WA ZHAYIK. Fungu la kituo liliombwa kwa jina lake. Wanawake waliokawia kupata watoto walikuja kila Ijumaa kufunga vitambaa kwenye waya wa bwawa la nne, na wawili kati yao walijifungua. Sasa nani angesimama kuwaeleza?

Kwa hiyo Jumatatu ile, kalamu mkononi, Ulbosin alijiona amebanwa huku na huku. Akinyamaza, Apa atapasuliwa ili mgeni apate mayai, na ndani hamna yai hata moja. Akisema ukweli, Apa si mama tena, ni kilo tisini na moja za kitoweo. Alimlea tangu ana urefu wa kidole. Mumewe alikufa, mabinti zake wakaolewa mbali, na kila asubuhi katika miaka yote hiyo pua moja ndefu iliinuka majini ikisikia viatu vyake. Alimpenda yule samaki, na aliona haya kidogo kumpenda kiasi hicho.

Akaweka kalamu chini.

"Nitasaini akishakufa, aga. Kumwandikia kifo aliye hai ni kumwita Israili kwa jina, naye akija haulizi mlango. Leo kaandikiwa samaki moyo, kesho sijui nani."

Mendigali, ambaye alikuwa na vidonge vya moyo mfukoni, aliivuta ile karatasi upande wake.

"Na jingine," aliendelea Ulbosin. "Mgeni ataonyeshwa saa ngapi?"

"Ataonyeshwa nini?"

"Mnyama wake."

Hilo hata mtoto wetu analijua. Mnyama wa mgeni hupelekwa mbele yake akiwa hai. Mgeni hukunja viganja kama anayepokea maji, humwombea mwenyeji baraka, watu husema amina na kujipangusa nyuso, ndipo kisu kinafanya kazi. Ikabidi Mendigali ampigie simu mkuu wa wilaya, akaishika mbali na sikio, na sauti ya Kaharman ikajaa chumbani.

"Kwani samaki anachinjwa? Samaki si halali alivyo?"

"Ni halali, mheshimiwa," alisema Ulbosin akiinamia simu. "Ila mgeni asiyeonyeshwa atajuaje kama amelishwa kilichokuwa hai au kibudu? Na hiki cheti chetu kinasema kafa mwenyewe."

Upande wa pili Kaharman alijiona tayari akitajwa katika mji mkuu kama mkuu wa wilaya aliyemlisha naibu waziri kibudu.

"Aonyeshwe," alisema mwisho. "Abariki, apigwe picha, aingizwe ndani kunywa chai. Huku nyuma mfanye haraka."

Alhamisi walifika kwa magari sita. Wazee wavuvi waliostaafu walivaa makoti yao ya sherehe, wanawake wa vitambaa walijipanga kando ya uzio, mpiga picha wa wilaya alikuwa hatulii. Kaharman alitangulia, kifua mbele, tai imemkaba. Nyuma yake alitoka mtu mrefu, mwembamba, rangi yake kama mshumaa, ameshika chupa ya chai kifuani asiyotaka mtu amsaidie kubeba. Huyo ndiye Seidakhmet. Alipewa maandazi na maziwa ya ngamia getini, na Ulbosin, aliyezoea kutazama viumbe visivyosema, alimwona akigusa andazi kwa midomo kisha akalitumbukiza mfukoni.

Mendigali akamwonyesha jiwe. Akamweleza jinsi ukoo huu ulivyoogelea enzi za dinosaria, majitu ya kale, ukayazika majitu hayo na bado ukaendelea kuogelea. Akamweleza na habari za binamu yao wa China, mwenye pua kama kasia, aliyetafutwa mto mzima kwa mitambo asipatikane hata mmoja.

"Na huyu wa jiwe," aliuliza Seidakhmet kwa uchovu, "naye aliliwa na nani?"

Kaharman alicheka sana, mtu angedhani amelipwa. Naibu waziri hakucheka. Alitoka nje, akaenda kuegemea uzio wa bwawa la nne, mahali ambapo Ulbosin alikuwa amesimama na ndoo yake. Wengine walikuwa bado wanagombania nani asimame wapi kwenye picha.

Ulbosin alikuwa amekuja na maneno ya kumliza. Alikuwa ameyapanga tangu Jumatatu, ya upweke, ya miaka ishirini na miwili, ya pua inayoinuka majini. Hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Dada," Seidakhmet alimuuliza kwa sauti ya chini, macho yakimfuata Apa aliyekuwa akizunguka polepole, "kichwa chake kina uzito gani?"

"Kwa kukisia, aga, kilo ishirini."

"Kitaletwa mbele yangu?"

"Mbele yako tu. Na watu mia watakuwa wanakutazama ukianza na shavu."

Naibu waziri aliikaza chupa yake kifuani.

"Tangu juma lililopita nimekula vichwa kumi na kimoja," alisema. "Daktari amenikataza hata supu. Humu kwenye chupa ni uji, dada, uji wa shayiri, na naunywa chooni nikijificha kama mwizi."

Ulbosin alimtazama vizuri mara ya kwanza. Alikuja amejiandaa kuutafuta moyo wa mkubwa, akakuta tumbo liko karibu zaidi.

"Basi aga, neno ni lako, si letu. Mnyama akiletwa mbele yako unaweza kumbariki aliwe. Unaweza pia kumbariki aishi. Akishabarikiwa aishi, nani atamgusa?"

Mgongo wa Seidakhmet ulinyooka, na rangi ya mshumaa ikapungua kidogo.

Kaharman alikuja na msafara, akapangusa jasho, akatoa ishara kwa mpiga picha. Kabla hajafungua mdomo Ulbosin alikwisha kutandaza viganja, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wazee wa nyuma: "Aga, mbariki mama yetu huyu, aishi, azae." Mkuu wa wilaya alimgeukia kwa jicho la kukata nyama. Alikuwa amechelewa. Viganja vya naibu waziri vilikuwa juu.

"Umri wako uwe mrefu kama Zhayik," alianza, na sauti yake, ambayo asubuhi nzima ilikuwa ya mgonjwa, ilipata nguvu ya mtu anayejiokoa. "Kisu kisikujue. Sinia lisikuone. Tumbo lako lisikauke, uzao wako ujae mto huu mpaka baharini, na mwaka ujao kiangazi nije mimi mwenyewe niwamwage wanao majini kwa mkono wangu."

"Amina," walisema wazee.

"Amina," walisema wanawake wa vitambaa, na mmoja wao akalia.

"Amina," alisema Kaharman, kwa kuwa kamera ilikuwa imemwelekea.

Mikono ikapita nyusoni. Apa, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, aliinua pua yake majini akitaka ndoo.

Mkuu wa wilaya alimvuta Ulbosin pembeni, akimnong'oneza kwa meno yaliyobanana. "Umenifanya nini, mama?"

"Mimi? Nimesema amina tu, mheshimiwa, kama wewe."

Wahenga wetu wanasema ardhi huchanua kwa mvua, na mtu huchanua kwa baraka. Hakuna pahala waliposema baraka inaweza kurudishwa mdomoni ilikotoka. Wazee wavuvi walikuwa wameisikia, na wale, walioiba samaki wa mto huu maisha yao yote bila kupepesa, wasingemruhusu mtu avunje baraka. Kila mtu ana mahali anapoweka dini yake.

Chakula kilikuwa chai ya maziwa, maandazi na jibini kavu, maana hapakuwa na kondoo hata mmoja aliyeandaliwa. Kaharman alikaa kama mfiwa. Lakini Seidakhmet alimimina uji wake mezani mbele za watu, akanywa vikombe viwili, na alipoinuka kuhutubia alisema hii ndiyo wilaya pekee iliyomwonyesha kiumbe hai na kumwachia hai. Makofi yakapigwa. Kufikia makofi ya pili, mkuu wa wilaya alikwisha kukumbuka kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Na akishalikumbuka jambo huyu bwana, halisahau. Wiki iliyofuata gazeti la mkoa lilimpiga picha akimvisha Apa nishani ambayo serikali humpa mama mwenye watoto wengi, ile ya dhahabu. Nishani yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake, bibi Kanipa, aliyezaa watoto tisa. Iliazimwa kutoka sandukuni kupitia kwa mkewe, na bibi hakuulizwa. Samaki hana kifua cha kubandikia kitu, kwa hiyo ilifungwa kwenye waya wa bwawa la nne, katikati ya vitambaa.

Majani yakapukutika, mto ukaganda, na kila mwezi ilikuja barua kutoka mji mkuu: Apa hajambo? Anakula? Naibu waziri anauliza. Mendigali alijibu kwamba hajambo, anakula, anatafakari. Barafu ilipopasuka mwezi wa Machi, Kaharman aliingia ofisini bila kubisha, akamwita na Ulbosin.

"Kiangazi kinakuja, na mgeni wetu anakuja na watu wa televisheni. Mayai yako wapi?"

Ulbosin alikwisha kuchoka kuishi na siri hiyo. Ilikuwa imemkaa kama mwiba wa samaki kooni tangu siku ile ya baraka.

"Hakuna mayai, mheshimiwa. Apa ni dume."

Mkuu wa wilaya alimtazama, akamtazama Mendigali, akarudi kwake.

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa yai."

"Samaki mwenye nishani?"

Mendigali aliinua jiwe polepole kwa mikono miwili. Ripoti ilikuwepo, imepata alama ya duara mgongoni. Akaisoma amesimama, midomo ikichezacheza, akafika kwenye mstari wenyewe, akakaa. "Imeandikwa," alisema. "Imeandikwa kabisa."

Kaharman hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alifungua droo, akatoa kile cheti cha kifo, akakikunjua juu ya meza na kukilainisha kwa kiganja.

"Tutabadilisha tarehe tu," alisema. "Kafa kwa moyo. Tutamzika kwa heshima, bendera nusu mlingoti, na hakuna mtu atakayemfunua marehemu aangalie. Mama, saini."

Ulbosin aliogopa, aliogopa kweli, kwa maana safari hii hapakuwa na mgeni wa kumkimbilia. Lakini alishangaa kusikia sauti yake ikitoka kavu na tulivu.

"Kisu kisikujue, alisema. Mbele ya kamera yako. Nawe ukasema amina, gazetini upo, mikono usoni. Akija kuuliza watoto utamwonyesha kaburi? Atasema baraka yake iliua. Hapo, mheshimiwa, tafuta kichwa kingine cha kumwekea, na mimi najua kitakuwa cha nani."

Kaharman alijishika shingo bila kukusudia.

"Kwa hiyo unataka dume azae?"

"Nataka ule ndoo moja ya akili. Bwawa la saba kuna kortpa jike. Yuko hapo miaka sita. Togzhan alimpima siku ile ile, na sasa umri wake umefika. Amekonda, kwa sababu chakula chote kilikuwa kinakwenda kwa mama wa Zhayik. Mrudishe Togzhan na vifaa vyake, yule apewe chakula, maji yapashwe moto, na utapata watoto."

"Watakuwa wa Apa?"

"Watakuwa wa Apa kabisa. Yeye ndiye baba."

Mkuu wa wilaya alitembea mpaka dirishani akarudi. Watu hudhani wakubwa hawafikiri. Hufikiri sana, ila ni kuhusu jambo moja tu.

"Sawa," alisema. "Lakini kwenye karatasi, mama ni Apa."

"Kwenye karatasi andika upendavyo, mheshimiwa. Mimi hicho cheti nipe."

Alipewa. Alikikunja mara nne, akaenda nacho kibandani kwake, akakisokomeza jikoni chini ya birika. Chai ya siku hiyo ilichemka upesi.

Jike wa bwawa la saba hakuwa na jina, alikuwa na kibati chenye namba 0417 kwenye pezi. Ulbosin alimlisha kwa mkono wiki tano mpaka mbavu zikafichika, na kwa kuwa huwezi kumlisha mtu wiki tano ukimwita namba, alimwita Kizbolsin, yaani "na awe msichana", jina ambalo hajasikia mzazi yeyote wa Zhayik akimpa mtoto. Siku ilipofika Togzhan aliwachoma wote wawili sindano ya uzazi. Apa, baada ya miaka ishirini na miwili ya umama, alifanya kazi ya ubaba kwa muda wa dakika moja na nusu, kisha akarudi kulala. Kizbolsin alilazwa kwenye machela yenye maji, akapasuliwa kidogo tumboni akiwa hai, akatolewa mayai ndoo mbili, akashonwa, akarudishwa bwawani, akakaa chini kabisa siku tatu bila kula. Ulbosin alikaa naye ukingoni siku zote tatu.

Mwezi wa Juni walifika kwa magari tisa. Seidakhmet alikuwa amenenepa, mashavu yana rangi, na chupa ya uji haikuonekana. Ndoo za vifaranga, kila kimoja kidogo kuliko kidole cha mtoto lakini tayari kina pua ndefu na mgongo wa mifupa, zilipangwa kando ya mto. Naibu waziri akakunja suruali, akaingia majini, akawamwaga kwa mkono wake kama alivyoahidi. Nao wakapotea kwenye maji ya matope mara moja, bila kuaga, kama walijua ni watu gani wamesimama ukingoni.

Kisha Kaharman akapanda jukwaani. Alimshukuru Apa. Alisema hakuna kiumbe mwenye subira kama mama, na kwamba mama hajivuni, mama hadai, mama huzaa na kunyamaza. Alimshukuru mkurugenzi Mendigali, aliyepewa saa ya ukutani. Alishukuru watu wa televisheni. Togzhan alikuwa amesimama nyuma kabisa akikunja mipira ya maji, na Ulbosin hakusubiri kujua kama orodha ina mwisho. Alichukua ndoo yake akaenda zake bwawa la saba.

Alimkuta huko kikongwe mmoja ameinama juu ya uzio, kashika fimbo, kilemba cheupe kimefungwa vizuri.

"Binti, nimekuja kuchukua kitu changu," alisema. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika nishani ya dhahabu, na kitambaa cha mtu kimening'inia kwenye pini yake. Alikuwa bibi Kanipa. "Nimeikuta bwawa la nne. Yule samaki mkubwa kanitazama usoni hata haya hana. Nikasema huyu hajazaa. Mimi nimezaa tisa, aliyezaa namjua. Yuko wapi mwenyewe?"

Ulbosin alimwonyesha kwa kidevu. Kizbolsin alipita polepole karibu na ukingo, akageuka kidogo ubavu, na mshono ukaonekana tumboni, mrefu, bado mwekundu.

Bibi Kanipa aliutazama ule mshono mpaka samaki alipozama. Kutoka mtoni kipaza sauti kilikuwa bado kinamsifu mama.

"Siku niliyopewa hii," alisema, "aliyehutubia alikuwa mume wangu."

Akaipangusa nishani kwa ncha ya kilemba, akainama kwa shida, akaifunga kwenye waya wa bwawa la saba, fundo la kwanza, kisha la pili.

"Mheshimiwa ataitafuta, bibi," alisema Ulbosin.

"Aitafute. Akiiona hapa mwambie nimeifunga mimi, na kama anaitaka aje nyumbani aniombe mwenyewe, ana kwa ana, mkwe wangu yule." Akaichukua ndoo kutoka mkononi mwa Ulbosin, akatia mkono ndani. "Huyu anakula nini?"